Kitambaa Juu ya Picha ya Mukubwa

Kitendawili: kimetundikwa ukutani, hakina mdomo lakini kinaweza kukupeleka gerezani. Ukikitazama, kinakutazama. Ukikifunika, kinakuogopesha zaidi.

Msikune vichwa, nitawategulia mwenyewe. Ni picha ya Mukubwa wa nchi. Miaka ile pale Likasi ilikuwa kila mahali: posta, stesheni, kwenye duka la mikate, hata kwa kinyozi wa Kikula, inakuangalia unavyonyolewa. Kisha ikatoka amri kwamba kila chumba ambamo watoto wanakusanyika, lazima nayo iwemo. Ndivyo ilivyofika kwenye darasa la Mwalimu Nissim.

Mwalimu Nissim alikuwa Myahudi, mtu mwembamba wa miwani, aliyezaliwa palepale Likasi wakati mji ulikuwa ungali na jina la Kizungu. Baba yake alitoka kisiwa cha mbali kinachoitwa Rhodes, akaja na vitambaa vya kuuza. Nissim alilirithi duka la baba yake, halafu serikali ikalichukua na kumpa mtu mwingine, kama maduka ya wageni wengi yalivyochukuliwa. Walimwachia nyumba iliyo nyuma ya duka na ghala moja uani. Ghala hilo ndilo aliloligeuza darasa la dini.

Mimi nilikuwa nikimfanyia kazi za nyumba. Mke wake alikuwa Ubelgiji kwa matibabu, kwa hiyo nilipika, nilifua, nilimwangalia mama yake mzee, ambaye watoto walimwita Vava, ni kusema bibi katika lugha yao. Mume wangu alikuwa kiwandani Shituru, anarudi kila siku na harufu ya asidi kwenye nywele. Nilikuwa na shule ya msingi tu, ya masista, lakini darasa lile nililipenda. Nilikaa kizingitini na ungo wangu wa maharage, nikachambua polepole ili nisikilize zaidi.

Watoto walikuwa watano tu, maana familia zao zilikuwa zimebaki chache, nyingine zimekwisha kupanda ndege. Walisoma herufi zao kutoka kuume kwenda kushoto, na mtoto mpya siku ya kwanza alipakiwa asali kidogo kwenye kibao, juu ya herufi, akairamba, ajue kwamba elimu ni tamu. Wakubwa walisoma kwa sauti, wanatikisika kama watu walio ndani ya treni. Na sheria ya darasa ilikuwa moja: mtoto akisimama na kusema "Mwalimu, swali," Mwalimu lazima anyamaze, asikilize, ajibu. Hata kama amechoka. Salvator, mdogo wao, aliwahi kuuliza kama Mungu anakula bukari, ugali wetu. Nissim alivua miwani, akafikiri kweli, kisha akasema, "Sahani yake hatujaiona bado."

Mwenye maswali mengi kuliko wote alikuwa Estrea, binti yake Nissim mwenyewe, wa miaka kumi. Mezani alimwita Papa, lakini akivuka kizingiti cha darasa ni Mwalimu, kama wenzake. Nissim hakutaka mtoto wake apate mlango wa nyuma.

Sasa ile picha. Nissim aliinunua kama watu wote, akaitundika ukuta wa nyuma, migongoni mwa watoto. Mbele yao kulikuwa na kabati dogo la kitabu chao kitakatifu, na watu wale hawaombi wakielekea sura ya mtu, awe nani. Hakumweleza yeyote. Mimi nilielewa, na nilipofuta vumbi nilikuwa namwambia kimoyomoyo yule wa pichani: baba, usikasirike, hapo nyuma ndiko unakowaona wote vizuri. Mwaka ule masomo ya dini yalikuwa yameondolewa shuleni. Darasa la uani lilikuwa kama jogoo aliyefichwa chini ya kapu: anapumua, lakini asiwike.

Vava alipoanza kukataa chakula, Nissim aliwafundisha watoto mambo ya kilio cha kwao, ili siku ikifika wasishtuke. Kwamba mwenye kufiwa anapasua shati lake upande wa moyo. Kwamba anakaa chini siku saba, bila viatu, hasimami kwa ajili ya mtu, hasalimii mtu. Hakuna wimbo, hakuna ngoma. Anakula mayai, kwa kuwa yai halina mdomo, na mwenye kufiwa naye hana neno la kusema. Hapo mimi kizingitini nilicheka kidogo, maana sisi tuna kitendawili cha nyumba isiyo na mlango na jibu lake ni hilohilo yai. Na tena, akasema Nissim, ndani ya nyumba yenye kufiwa tunafunika vioo vyote na picha zote za watu.

"Zote?" Estrea aliuliza.

"Zote," baba yake akajibu.

Wala hakuna kati yetu, si yeye, si mimi, aliyegeuka kutazama ukuta wa nyuma.

Vava alikufa wakati wa kiangazi, ambacho kwetu ndicho chenye baridi, alfajiri moja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Wao hawalazi maiti. Wanazika siku hiyohiyo. Likasi hapakuwa tena na wanaume kumi wa kuomba sala yao, ikabidi watu waje na magari kutoka Lubumbashi, na walikuja haraka, macho yao tayari yanatazama barabara ya kurudia, maana vizuizi vya askari baada ya jua kuzama si vya kuchezea. Saa sita mchana wote walikwenda makaburini, wazazi wa watoto pia. Watoto watano wakabaki nyumbani na jirani yetu Mama Binti, mke wa Amuri dereva. Mama Binti ni Mwislamu kutoka mashariki. Alikuja asubuhi bila kuitwa, akakunja kanga, akakaa jikoni kuchochea moto. Mimi nikachukua kikapu kwenda soko la Kikula kutafuta mayai, na kwa kuwa yalikuwa haba, nikazunguka karibu saa nzima.

Sokoni niliona jambo baya kabla sijalisikia. Watu walikuwa wanazungumza bila kusogeza midomo. Muuza mayai, mama mmoja mnene niliyezoea kumsikia toka mbali, alinisogelea hadi nikasikia pumzi yake.

"Yaya, weye unatoka mujini. Ni kweli?"

"Ni kweli nini?"

"Mukubwa." Akatazama kushoto na kuume. "Banasema alikufa. Kule nyuma ya duka ya bitambaa, kwa muyahudi, bamefunika picha yake na kitambaa ya kilio. Bale beko na bandugu Ulaya, bale banajuaka habari mbele yetu."

Mayai yalikuwa tayari kwenye kikapu. Sikumbuki kama alinirudishia chenji. Nakumbuka miguu yangu tu. Kusema Mukubwa amekufa, miaka ile, ilikuwa sawasawa na kutaka kumwua. Mume wa jirani yangu mwingine alisema akiwa amelewa kwamba sauti ya Mukubwa redioni ilikuwa ya mgonjwa. Gari lilikuja, akapanda, na mpaka leo mke wake anauliza. Nilipita stesheni nikikimbia kama mwizi, na watu hawakunifukuza, walinipisha tu, kama wanaojua.

Nilipoingia uani, wateja wa duka walikuwa wamesimama kwenye ule upenyo kati ya duka na ua, shingo ndefu. Waliponiona wakatawanyika. Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Ndani, watoto watano wamekaa chini mstari mmoja, bila viatu, wazuri kama mishumaa. Walikuwa wamefunika kioo cha kunawia, wamefunika picha ya harusi ya Vava waliyoitoa chumbani, na ukutani nyuma, kitambaa cheupe cha meza ya Sabato, kimepigiliwa vizuri kwa misumari miwili, kimemfunika Mukubwa kuanzia kofia mpaka kifuani.

"Mama Angèle," Estrea akaniambia, macho mekundu lakini sauti ya fahari, "tulifanya yote. Hatukusahau hata moja."

Mama Binti alikuwa jikoni muda wote na mgongo wake kwa ua. Alikuja nyuma yangu, akaona, akasema, "Lahaula," na kijiko cha mbao kikamwanguka.

Sikuwagombeza. Ungewagombeza nini? Walifanya neno kwa neno kama walivyofundishwa. Nilivuta benchi, nikapanda, nikanyoosha mkono. Ndipo niliposikia jeep. Kuna magari mengi duniani, lakini jeep ile kila mtu Likasi alijua sauti yake. Haikuzimwa. Milango ilifunguliwa, viatu vikaja juu ya changarawe, na mimi nilikuwa bado juu ya benchi, mkono hewani, kama mtu aliyekutwa juu ya mpapai wa watu.

"Shuka, Citoyenne Ngoie. Usiguse kintu."

Aliyesema ni Constantin. Hilo jina lilikuwa limekatazwa, kama majina yote ya ubatizo, sasa alikuwa Citoyen Kalenga, ni kusema mwananchi Kalenga, kama mimi nilivyokuwa Ngoie, mkuu wa vijana wa chama katika mtaa wetu, amevaa abacost, ile suti ya chama isiyo na tai, ya rangi ya majani. Lakini mimi nilikuwa namjua toka tukiwa wadogo katika parokia moja. Alikuwa anamhudumia padri misa, anapiga kengele mahali pasipotakiwa. Nyuma yake vijana wawili walisimama mlangoni. Nje askari alikuwa ndani ya jeep, injini inanguruma.

Constantin alizunguka chumba polepole. Alitazama kabati la mbele. Alitazama herufi ubaoni. Kisha akasimama mbele ya kile kitambaa, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: jasho, kwenye shingo, siku ya baridi vile. Alikuwa anaogopa naye. Mtu anayeogopa na ana jeep, huyo ndiye hatari zaidi.

"Nani alikufa humu?" akauliza.

"Mama wa Mwalimu," nikasema. "Wako makaburini. Batarudi sasa hivi."

"Na huyu? Huyu alikufa?" Alionyesha kitambaa bila kukigusa. "Kikula muzima banalia kichinichini. Banawake bengine bamefunga meza ya mikate. Banauliza nani atatawala. Nani alifunika?"

Salvator alikuwa ameanza kutetemeka. Mama Binti alimchukua akamfunika ndani ya kanga yake. Mimi nilifungua mdomo niseme ni mimi, na namshukuru Mungu na namlaumu pia kwamba sauti haikutoka.

"Ni minye," Estrea akasema.

"Nani alikutuma?"

"Hapana mutu. Tulifundishwa. Mutu akikufa, tunafunika sura zote." Akameza mate. "Mwalimu alisema zote."

Masikini mtoto. Alidhani anamtetea. Constantin aligeuka kwa vijana wake, akawaambia polepole, kila neno mahali pake: "Mumesikia. Mwalimu alisema."

Wakati huohuo Nissim aliingia. Alikuwa peke yake. Watu wa Lubumbashi walikwenda moja kwa moja na barabara yao, na wazazi wa watoto, nilikuja kujua baadaye, waliona jeep wakasimama kwenye kona, nyuma ya ukuta wa karakana, mama mmoja akiuma kitambaa cha kichwa ili asipige kelele. Siwalaumu. Nissim aliiona jeep kama wao, akaja.

Shati lake lilikuwa limepasuliwa kifuani, vumbi jekundu la kaburi kwenye magoti. Alimwona binti yake, aliona ukuta, na uso wake ukawa kama majivu unayoyapuliza. Halafu akafanya kile ambacho sheria yake ilimwambia afanye. Alivua viatu, akavuta kibao kifupi cha kukalia nilichokuwa nimemwekea, akakaa chini.

"Citoyen Nissim," Constantin akasema, "mbele ya mukubwa ya chama tunasimama."

Nissim hakusimama.

"Tena tunasalimia."

"Nimetoka kumuzika mama," Nissim akasema, Kiswahili chake kilekile cha Likasi, cha mtu aliyecheza mpira Shituru. "Kwetu mwenye kufiwa hasimame. Batoto babaache. Kosa ni yangu. Sikubaambia kama ile picha ni ya namna ingine."

"Kwenu. Kwenu ni wapi?"

"Hapa."

"Eh, hapa!" Mmoja wa vijana alicheka mlangoni. "Sikia, patron anasema hapa!"

"Nilizaliwa hapa. Mama yangu iko ndani ya udongo ya hapa toka leo."

"Vizuri," Constantin akasema. "Kama ni hapa, basi hapa tunacheza." Alipanda benchi langu mwenyewe, akang'oa kitambaa, misumari ikaruka, na Mukubwa akatutazama wote. "Kila asubui inchi nzima inacheza mbele ya huyu. Weye utasimama, utaimba, utacheza, na batoto bako, mulango wazi, bantu bale bote ku duka baone. Baone kama Mukubwa iko muzima na kwa muyahudi banamufurahia. Ukicheza, minye nitaandika kama ilikuwa ujinga ya batoto. Usipocheza, utapanda jeep. Chagua."

Nissim alitazama mikono yake. "Siku hizi saba," akasema, "sichezi. Hata kama ni mutoto wangu anaolewa, sichezi."

"Constantin, baba," nikasema, na goti langu likagusa saruji, "kwa jina la padri aliyetubatiza..."

"Sina jina ile!" alipiga kelele hivi kwamba watoto waliziba masikio. "Weye Angèle, nyamaza! Citoyenne Ngoie! Unataka na weye upande?"

Vijana walisogea. Mmoja alimshika Nissim begani. Nissim hakujitoa, hakusimama pia. Alikaa kama gunia, macho kwenye kabati lake, na nikaona kwamba alikuwa amekwisha kuamua. Mtu mpole ni kama mlango wa chuma uliopakwa rangi ya mbao. Unausukuma ukidhani ni mbao. Angekwenda. Angepanda kwa miguu ile ya soksi, na binti yake angebaki ananiuliza mimi.

Ndipo Estrea aliposimama. Mikono ameibana pembeni kama siku zote anapotaka kuuliza.

"Mwalimu, swali."

Hata Constantin aligeuka.

Nissim alichelewa. Nilifikiri hatajibu, siku ile si ya darasa, mwenye kufiwa hata kusoma hasomi. Lakini sheria ni sheria. "Uliza," akasema.

"Siku ya Sabato, tunawasha moto?"

"Hapana. Unajua."

"Na kama mutu iko mugonjwa, anaweza kufa na baridi?"

"Tunawasha."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu ya..." Akamtazama binti yake. "Juu ya uzima wa mutu inapita Sabato. Atavunja Sabato moja ili aishi, ashike Sabato mingi."

"Na kilio, Mwalimu." Sasa machozi yalikuwa yanamshuka mtoto, lakini hakuyafuta, maana mikono lazima ikae pembeni. "Sabato ikifika katikati ya kilio, nani anapisha mwenzake?"

"Kilio kinapisha."

"Basi Sabato ni kubwa kupita kilio."

"Ni kubwa."

"Na uzima ni kubwa kupita Sabato."

Halikuwa swali. Chumba kizima kilisikiliza jeep inavyonguruma. Yule kijana aliyemshika bega alikuwa ameachia mkono bila kujua. Estrea akataka kusema neno la mwisho, akashindwa, akakaa chini, na hapo tu akawa mtoto, akajifunika uso na gauni.

Nissim alisimama.

Alisimama kama mzee, mkono mmoja kwenye goti, mwingine ukutani. Akageuka kuelekea nyuma, kwenye picha. Alianza kuinua mguu mmoja, akaushusha, akainua mwingine. Wimbo hakuujua vizuri. Sisi tuliuimba kila siku shuleni na kazini, yeye uani kwake hakuna aliyemlazimisha. Mimi ndiye niliyeanza. Nilipiga makofi na kuimba zile sifa kwa sauti ya kwanza, ya juu, ile tuliyoimbia kwa masista, na Mama Binti aliitikia kutoka mlangoni na Salvator ndani ya kanga, na watoto waliujua wote, maneno yote, kutoka shuleni kwao. Wakainuka. Hakuna aliyewaambia, walikwenda wakamzunguka Mwalimu wao, karibu kabisa, mabega kwenye mapaja yake, mikono wameipunga juu, hivi kwamba watu waliokuwa wamerudi kule upenyoni wasiweze kuona uso wake. Wakacheza namna hiyo. Nissim katikati, soksi zake za kijivu, shati lililopasuka likipepea upande wa moyo, analia bila sauti na miguu inafuata wimbo. Sijaona ngoma nyingine kama ile. Sitaki kuiona.

Upenyoni watu walianza kupiga makofi pia. Kwa furaha au kwa woga, mimi sijui, na nadhani wao pia hawakujua. Lakini niliona mwanamke mmoja akishusha pumzi, kisha akaondoka haraka kuelekea Kikula, na nikajua habari nyingine imeondoka naye: yuko hai, wanamchezea.

"Inatosha," Constantin akasema.

Tuliendelea kidogo bado. Mtu akiogopa hivyo, kuacha ni kugumu kuliko kuanza.

"Nimesema inatosha!"

Tukaacha. Constantin alikuwa amekunja kile kitambaa cha Sabato, akakitia chini ya kwapa. "Hii ninabeba. Nitaandika ujinga ya batoto. Lakini jina yako sasa iko kwetu, Citoyen. Picha isifunikwe tena, hata mvua ikipita kwenye dari." Kutoka mlangoni alinipita karibu bila kunitazama, na nilisikia meno yake yanavyogongana.

Jeep ilipoondoka, Nissim alirudi chini kwenye kibao chake. Estrea alimwendea, akakaa sakafuni. "Papa," akasema. Sasa haikuwa Mwalimu tena. Baba yake alimwekea mkono kichwani, wakakaa hivyo, na mimi nikaenda kuona mayai mangapi hayakupasuka.

Siku zile saba zilikuwa ndefu. Watoto waliletwa kila alasiri, wazazi wakiwaacha kwenye kona. Kwa kuwa Mwalimu hakuweza kufundisha, niliwategea vitendawili. Niliwategea vya kwetu vyote, mpaka vile vya aibu kidogo, hadi Nissim mwenyewe akakohoa. Lakini gari lolote likipunguza mwendo nje, hata la maziwa, mtoto aliyekuwa anajibu aliishia katikati ya neno, na sote tulingoja mpaka lipite. Usiku mimi nyumbani nilifanya vilevile. Mume wangu alisema, "Acha kazi ile, Angèle." Nilimwambia, "Nani atakula naye mayai?" Hakuelewa, wala mimi sikuelewa vizuri nilichosema.

Siku ya saba wao huenda kaburini asubuhi, ndipo kilio kinafunguliwa. Njia ya makaburi inapita mbele ya ofisi ya chama. Hakuna njia nyingine isipokuwa ya kuzunguka nyuma ya reli, na Nissim alisema, "Mama yangu hapiti nyuma ya reli." Tukatoka. Yeye mbele, viatu miguuni kwa mara ya kwanza, watoto watano wameshika koti lake kila upande, hata mfukoni, mimi na Mama Binti nyuma. Wazazi safari hii walikuja.

Constantin alikuwa amesimama kizingitini pa ofisi, peke yake, anakunywa chai. Alituona toka mbali. Hatukuwa na mahali pa kugeukia. Niliona vidole vya Estrea vinavyokaza kitambaa cha koti hata vikawa vyeupe. Tulipofika usawa wake, Constantin aliangalia ndani ya ofisi, akaangalia barabara, juu na chini, kama mama yule wa mayai alivyofanya. Kisha akainama kwenye kikombe chake.

"Pole na kilio," akasema ndani ya chai.

Nissim alisimama. Mimi nilitaka kumsukuma: baba, twende, usisimame hapa. Alisimama kabisa, watoto wote wakasimama naye, akamgeukia.

"Asante, Constantin," akasema.

Uso wa yule mtu ulibadilika kwa kusikia jina lile mchana kweupe, mbele ya mlango wa chama. Chai ilimwagikia abacost. Aliingia ndani haraka akafunga mlango, na tukasikia komeo.

Tulikwenda kaburini, tukaweka mawe madogo juu ya udongo kama wanavyofanya wao, Salvator akaweka kubwa kupita nguvu zake. Kurudi tulipita njia ileile. Mlango wa ofisi ulikuwa bado umefungwa, na watoto hawakuliachia koti mpaka tukafika uani, wala hapo hawakuliachia mara moja. Ilibidi Nissim alivue, awaachie walishike.